Nimeolewa Maskati: nikirudi Wete kwa mama, mimi ni mgeni au mwenyeji?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na huu ni mwaka wa sita nimeolewa Maskati. Mume wangu ni Ibadhi, sisi kwetu ni Mashafii, madhehebu mbili mbali. Mwezi wa nane tulikwenda kwetu kwa mwezi mzima, usiku wa kwanza tukalala Unguja kwa khalati yangu, asubuhi tukapanda boti. Pale Wete mume wangu akawa anaswali adhuhuri, alasiri na isha rakaa mbili mbili mpaka siku ya kuondoka, akaniambia na mimi nifanye hivyo kwa sababu mke humfuata mumewe. Nikamfuata. Kaka yangu akasema huu ni mzaha, mtu amelala kwa mama yake, safari gani hiyo? Siku moja mume wangu alituswalisha isha ukumbini, akatoa salamu rakaa ya pili. Kaka akainuka, akaiswali upya tangu mwanzo, na chakula cha usiku kililiwa kimya.

La pili, nina vyumba viwili nilivyojenga kwetu kwa mahari yangu na pesa za kushona kofia. Mume anasema nyumba yangu ni Maskati, niviuze. Kaka anakaa humo na mkewe, na anasema mwanamke akishaolewa mbali hana tena kwao. La tatu, siku ya nikahi mume alimuahidi marehemu baba kuwa atanileta kila mwaka. Tumekwenda mara mbili tu. Mama ana sukari na macho yameanza kupotea. Je, naweza kumdai mume safari hii, na nikienda peke yangu nina dhambi?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Allah amrehemu baba na amponye mama.

Nianzie ukumbini kwenu, maana usiku ule haukuwa na haja ya kuwa mchungu. Mumeo hakufanya mzaha. Kwa Maibadhi, msafiri anakusuru (anafupisha swala ya rakaa nne kuwa mbili) akishavuka farsakhi mbili kutoka mji wake, kama kilomita 12, na anaendelea kukusuru muda wote aliopo ugenini, uwe mwezi uwe mwaka, mpaka aufanye mji ule kuwa watani wake, yaani mji wa makazi yake. Wete si watani wake, ni kwa wakwe. Rakaa mbili zile ndizo alizofunzwa tangu mdogo.

Kaka yako naye kafunzwa jengine. Kwetu Mashafii safari ya kukusuru ni marhala mbili, kilomita 80 na kitu, na mtu akifika mahali amenuia kukaa siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake inakatika pale pale anapofika. Nyinyi mlinuia mwezi. Basi hukumu aliyoisema ni sawa kwa madhehebu yake, ila sababu aliyoitoa siyo. Hutimizi nne kwa kuwa umelala kwa mama. Unatimiza kwa ajili ya ule mwezi.

Lakini kuiswali upya, hapo aliteleza. Vitabu vyetu vya Kishafii vimelitaja jambo hili hili, kwa Mshafii na Mhanafi waliosafiri pamoja wakanuia kukaa siku 4 mahali: safari ya Mshafii inakatika, ya Mhanafi haikatiki, kwa kuwa kwao ni siku 15. Je, Mshafii amfuate mwenzake anayekusuru? Wakasema inafaa, ingawa ni makruhu (halipendezi, ila si haramu), na imamu akitoa salamu yeye huinuka akamalizia mbili zilizobaki. Kaka yako alitakiwa ainuke tu, aongeze mbili, na wali ungeliwa ungali moto. Sayyidna Umar radhiyallahu anhu alikuwa akifika Makka huwaswalisha watu rakaa mbili, kisha huwaambia: "Enyi watu wa Makka, timizeni swala yenu, sisi ni watu wa safari." Hakuna aliyenuna. Na siku kaka akiwa imamu, mumeo atamfuata nne kamili nyuma yake, hilo hata Maibadhi wanalisema.

Sasa wewe. Ni kweli kwa Maibadhi mke humfuata mumewe katika makazi na safari. Lakini hiyo ni hukumu ya madhehebu yao, si amri ya mume kwa mke, na idadi ya rakaa haimo katika mambo ambayo mume anatiiwa. Wewe ni Mshafii. Ukikaa Wete mwezi, swali nne tangu siku ya kwanza, naye aendelee na mbili zake, chumba kimoja, mswala mmoja. Zile ulizoziswali mbili kwa kumfuata ukiamini ndivyo, sikuamrishi kuzilipa, kwa kuwa umefuata kauli ya wanavyuoni wanaojulikana na hukufanya mchezo. Ule usiku mmoja wa Unguja kwa khalati yako mlikuwa wasafiri nyote wawili kwa madhehebu zote mbili. Hapo mbili.

Lakini naona swali lako lenyewe si la rakaa. Unauliza kama Wete bado ni kwenu. Tuseme safari ijayo umepata ruhusa ya siku 3 tu, umekuja mbio kumuona mama. Unaswali ngapi? Mbili. Umehamia Maskati kwa nia ya kuishi huko na mumeo, makazi yako ni huko, na Wete kwa upande wa swala umekuwa mpita njia. Wala kuwa na nyumba pale hakubadilishi. Imamu Shafii mwenyewe katika kitabu chake Al-Umm amesema kuwa masahaba walikusuru pamoja na Mtume swalla Allahu alayhi wasallam mwaka wa ufunguzi wa Makka na katika hija yake, hali ya kuwa baadhi yao wana nyumba Makka na jamaa zao wako pale, akawataja Abu Bakr, Umar na Uthman. Watu wamezaliwa pale, milango wanaijua, na wanaswali mbili. Hata hizo siku zetu 4 asili yake ni pale pale Makka: Mtume aliwaruhusu Muhajirina, waliohama Makka kwenda Madina, wakae siku 3 baada ya kumaliza ibada zao, na wanavyuoni wetu wakafahamu kuwa siku 3 bado ni ugeni.

Wako waliosema kinyume, kwamba mtu akipita mji aliooa anaswali swala ya mwenyeji. Hii ni kauli ya Mahanbali, na hutajwa hadithi kutoka kwa Sayyidna Uthman alipotimiza nne pale Mina, lakini isnadi yake (mlolongo wa wapokezi) ni dhaifu. Kwa kauli hiyo mumeo aliyeozwa Wete angekuwa mwenyeji wa Wete. Mwambie kaka yako hilo, acheke kidogo.

Basi kwa swala wewe ni mgeni. Kosa la kaka, na la mumeo pia, ni kuichukua hukumu hii ya swala wakaipeleka kwenye mali na kwenye udugu. Mmoja anasema huna tena kwenu ili abaki na vyumba, mwengine anasema kwenu ni Maskati ili viuzwe. Kuhama kumekata jambo moja tu, hesabu ya rakaa.

Hata hao Muhajirina waliokuwa wageni Makka, nyumba na jamaa hawakuvikana. Usama bin Zayd alimuuliza Mtume kama atashukia katika nyumba yake Makka. Akajibu: "Kwani Aqil ametuachia nyumba yoyote?" Aqil, mtoto wa ami yake Mtume, alikuwa amemrithi baba yake Abu Talib, na majumba yalikuwa yamekwenda. Mimi kila nikiisoma hadithi hii nasikia ndani yake mtu aliyerudi kwao akakuta kufuli si lake. Mtume akashukia Khayf Bani Kinana, mahali karibu na Makka. Lakini siku ile ya ufunguzi akaingia nyumbani kwa Ummu Hani, binti wa ami yake, akaoga na kuswali rakaa nane za dhuha. Nyumba hana, jamaa anao, na kwa jamaa anaingia.

Wewe bahati yako nyumba unayo. Mahari ni yako kwa aya ya 4 ya Suratun Nisaa, na ulichochuma kwa sindano ni chako kwa aya ya 32 ya sura hiyo hiyo: wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Mumeo anaweza kukushauri uuze, hawezi kukuuzia. Ukitaka kuuza ili mnunue kitu pamoja Maskati, ni hiari yako, na uandikiwe fungu lako kwa jina lako. Msiachie kwenye maneno ya usiku. Usipotaka kuuza, hujamkosea. Najua wapo wanaosema mwanamke mwenye chumba kwao ana mguu mmoja nje ya ndoa. Nimekaa na kesi za ndoa miaka mingi, na niliowaona wakivumilia dhulma kwa kukosa pa kwenda ni wengi kuliko niliowaona wakivunja ndoa kwa sababu wana vyumba viwili Pemba.

Kwa kaka yako, jambo la mwanzo ni kujua anakaa kwa lipi. Ulimpa? Ulimuazima? Unamdai kodi? Inaonekana hamkusema chochote, alihamia tu mlipokuwa hamko. Huo ni uazimaji, na mwenye kuazimwa anarudisha anapotakiwa. Sikwambii umtoe, ana mke, na mama anahitaji mtu wa karibu. Iandikeni karatasi mbele ya mashahidi wawili, na sheha akiwepo ni vizuri zaidi: vyumba ni vyako, yeye anakaa kwa ridhaa yako, na chumba kimoja kibaki na funguo yako kwa siku ukija. Zaka haimo katika nyumba ya kukaa. Ukikodisha siku moja, utaangalia akiba ya kodi ikifika nisabu (kiwango cha kutolewa zaka) na kupitiwa na mwaka. Na nyumba ya marehemu baba ni jambo jengine kabisa. Kama haijagaiwa, una fungu la binti mle ndani, na kuolewa Maskati hakulipunguzi hata tofali moja.

Tuje kwa mama. Katika fiqhi yetu mume ana haki ya kuruhusu au kuzuia mke kutoka, na hili sitakuficha. Lakini wanavyuoni hao hao waliompa haki hiyo wakaandika kuwa ni makruhu kumzuia mke asimtazame mzazi wake maradhi yanapomzidi, kwa sababu linazaa chuki na linamvuta kwenye kukata udugu. Utasikia kwenye mawaidha kisa cha mwanamke ambaye mumewe alimkataza kutoka, baba yake akaugua mpaka akafa naye hakwenda, na kwamba baba akasamehewa kwa utiifu wake. Hadithi hiyo ameipokea Tabarani na wanahadithi wameidhoofisha. Haifai kuwekwa mbele ya mwanamke anayelia. Iliyo sahihi ni ya Asmaa binti Abi Bakr, aliyehamia Madina na mimba ya Abdullah bin Zubayr tumboni. Mama yake alimjia huko akiwa bado mshirikina. Asmaa akamuuliza Mtume kama amuunge, naye akamwambia: "Ndiyo, muunge mama yako." Huyo ni mama mshirikina. Wako anakaa na tasbihi.

Nauli ya ziara haimo katika nafaka ya lazima (matumizi ambayo mume lazima ampe mke), kwa hiyo usiidai kama unavyodai chakula. Unachoweza kumkumbusha ni ahadi. Mumeo alimpa baba yako neno siku ya nikahi, na Mtume amesema masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale mliyohalalishia ndoa. Mashafii wana maelezo juu ya masharti ya namna hii, si kila moja linamlazimu mume kisheria. Mahanbali wamelikaza zaidi. Lakini neno alilopewa mzee ambaye leo yuko kaburini, mimi singependa kukutana nalo Akhera. Kama kazi na nauli zimembana kweli, ana udhuru; nyinyi wawili mnajua kama zimembana kweli. Kwa miaka inayobana, mlete mama akae nanyi miezi mitatu, mtazamishe macho huko. Hiyo pia ni kutimiza.

Kwenda peke yako: usiende kwa kutoroka wala bila idhini. Na idhini ikipatikana, hadithi ya kukataza mwanamke asisafiri bila maharimu (jamaa wa kiume asiyeweza kumuoa) ni sahihi, na kauli inayotegemewa kwetu ni kuwa safari isiyo ya faradhi inataka maharimu. Wapo wanavyuoni wa zama hizi waliolegeza kwa safari ya ndege yenye amani, unasindikizwa uwanja huu na kupokewa uwanja ule. Mtafute maharimu kwanza. Akikosekana na mama amezidiwa, sitakwambia ukae Maskati ungoje simu. Mumeo akusindikize mpaka uwanjani, kaka aje Unguja akupokee.

Ukifika kwa ugonjwa wa namna hiyo, na kila siku ukitarajia kuwa kesho keshokutwa utaondoka, huna siku uliyoipanga, basi kwetu unakusuru mpaka siku 18. Ukiwa na tiketi ya kurudi baada ya wiki mbili, hiyo si hali hiyo, timiza nne.

Jibu hili mpe mumeo alisome kabla hujampelekea kaka yako.

Wallahu aalam.