Kwilti na familia: usisubiri siku ya nafasi, katakata kazi iingie kwenye dakika ulizonazo

Nawaandikia nyie mnaoanza kushona kwilti, hasa wenye watoto wadogo, wenye mgonjwa wa kuangalia, wenye kazi ya mchana na nyumba ambayo ukikaa tu chini kuna mtu anakuita. Mi nina miaka 11 kwenye hii kazi na watoto watatu, na swali ninaloulizwa kuliko yote sio la mshono wala la kitambaa, naulizwa "muda unautoa wapi dada?" Ukweli ni kwamba muda wa kutosha sijawahi kuupata. Nilichobadilisha ni kazi yenyewe, niliigawa mpaka ikawa naweza kuiacha dakika yoyote bila kuharibika kitu, na hapo ndo kwilti zikaanza kuisha.

Kwa ambaye ndo anasikia leo, kwilti ni blanketi la tabaka tatu, juu uso wa viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu tabaka zote zinashikwa pamoja kwa mishono inayopita mpaka chini na kingo zinafungwa kwa ukanda. Hatua ni nyingi na hakuna hata moja inayohitaji siku nzima, ila sisi wageni wa kazi huwa tunaiona kama mlima mmoja.

Nianze na kosa langu maana naona wengi mnaelekea hukohuko. Mama yangu alipofariki aliacha sanduku la nguo na mi nilikaa nalo miaka miwili bila kulifungua, siku nilipolifungua nikaamua kushona kwilti ya kwanza kwa gauni lake la bluu, lile lenye mfuko mmoja mkubwa mbele alikokuwa anaweka funguo. Nikasubiri siku ya nafasi. Miezi ikapita. Mwisho nikasema basi nitafanya usiku watoto wakilala, nikaanza kukata saa tano usiku baada ya siku ndefu, macho mazito, ilipofika saa saba nikagundua viraka 12 vya lile gauni, upande mmoja nimevikata inchi 4 na nusu badala ya 5. Kitambaa kingine kama kile hakipo duniani. Nilikaa pale sakafuni nikalia, nikafunga kila kitu kwenye mfuko na sikukigusa miezi minne.

Nilichojifunza pale ni hiki: kwenye kwilti kuna kazi za akili na kuna kazi za mikono, usizichanganye. Kupima, kukata, kupanga rangi, kuhesabu, hizo ni za akili, zinataka saa ambayo kichwa kimepumzika, kwangu mimi ni asubuhi kabla nyumba haijaamka, hata nusu saa tu. Kuunga jozi, kufumua, kupiga bandi, kushona ukanda wa pembeni kwa mkono, hizo mikono ikishazoea inaenda yenyewe hata ukiwa umechoka, hizo ndo za usiku. Tangu nilipotenganisha hivi sijakosea kukata tena kiasi kile.

Sasa tuje kwenye kugawa, nitachukua kwilti ndogo ya kuanzia. Kata viraka 64 vya mraba, kila kimoja inchi 5 kwa 5. Kila mshono unakula robo inchi kila upande kwa hiyo kiraka kikishaungwa pande zote kinabaki inchi 4 na nusu, ukiweka 8 kwa 8 unapata inchi 36 kila upande, inatosha mtoto mchanga au kujifunika magoti. Usiunge mstari mrefu wa viraka 8 mara moja, unga jozi kwanza, zitakuwa 32, kisha unganisha jozi mbilimbili upate vitalu 16 vya viraka vinne vinne, kisha vitalu vinapangwa 4 kwa 4. Uzuri wake ni kwamba jozi ni kitu kamili, mtoto akilia ukiwa na jozi 5 umepata jozi 5, hakuna kitu kimeachwa nusu.

Na jozi zenyewe usikate uzi kila moja ikiisha. Pitisha moja chini ya sindano, ikitoka unaingiza inayofuata hapohapo, zinatoka zimefuatana kama vibendera kwenye kamba, utazikata baadaye ukiwa umekaa unaongea na watu. Mimi kwa dakika 10 natoa jozi 8 bila haraka, yaani jozi zote 32 ni vikao vinne vya dakika 10 kumi. Ukiangalia hivyo unaona kabisa kwamba hata wiki yenye fujo ina dakika 40 ndani yake.

Robo inchi uiheshimu lakini. Ukizidisha mshono milimita moja na nusu tu, kila unapounga unapoteza milimita 3 maana inaliwa pande zote mbili, na mstari wa viraka 8 una maungio 7, tayari sentimita 2 na kidogo zimeenda na vitalu havikutani kona. Kabla ya kuanza unga viraka vitatu vya majaribio, pima kile cha katikati, kikiwa inchi 4 na nusu kamili basi bandika kipande cha tepu kwenye bamba la cherehani pale ukingo wa kitambaa unapopita uwe unaufuata. Na pasi usiiburute kama unanyoosha shati, weka, inua, weka pengine, kitambaa kikivutwa kinapinda hasa kikiwa kimekatwa hanamu.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kumaliza kila kikao kwa kuandaa kinachofuata. Sinyanyuki kwenye cherehani kabla sijaweka jozi ya kwanza ya kesho chini ya mguu wa cherehani, bobini imejaa, na kikaratasi juu kimeandikwa "unga safu ya 3 na ya 4, piga pasi mshono ulale kulia". Inachukua dakika mbili. Ila kesho yake nikipata dakika 10 zote ni za kushona, zamani nilikuwa namaliza dakika 8 natafuta mkasi na kukumbuka niliishia wapi. Kama huna sehemu ya kuacha cherehani wazi (wengi hatuna) basi tenga sinia moja au kikapu chenye mfuniko, kazi moja tu ndani, na vifaa vyake vyote humo humo.

Watoto. Pini zihesabu unapoanza na unapomaliza, mi natumia 20 tu ili kuhesabu kuwe rahisi, na sumaku inapita sakafuni kabla sijaondoka. Mwanangu wa pili aliwahi kukanyaga sindano niliyoichomeka kwenye kochi "kwa dakika moja tu", na ile sauti yake sijaisahau. Kisu cha gurudumu, kile cha kukatia kitambaa kwa kukiviringisha, kinafungwa kila ukikiweka chini, hata kama unakichukua tena sasa hivi, na waya wa pasi usining'inie.

Halafu waambie watu wa nyumbani wazi. Nilikuwa nashona kwa kujificha, kama naiba, na nikiitwa nainuka na hasira ambayo hawajui imetokea wapi. Siku moja nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, naomba nusu saa ya jioni, mara tatu kwa wiki, nikishona narudi kwenu nikiwa mzima." Akasema, "Mbona hukusema siku zote?" Watoto nikawaonyesha saa ya ukutani, mshale mrefu ukifika kwenye 6 mama anakuja, na ukifika nainuka kweli hata mshono ukiwa mtamu kiasi gani. Wakishaona unatimiza wanakuachia. Mdogo nampa kupanga vipande vilivyobaki kwa rangi, saa zingine mpango wake unanishinda wangu na nimeutumia.

Mwili nao. Meza ya kukatia iwe usawa wa nyonga, kukata sakafuni kunaua mgongo na nawaambia kwa uzoefu. Kwenye cherehani viwiko vikae usawa wa meza, mabega yashuke, kila nusu saa inuka. Taa ya kushona kwa mkono iwe upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia ili kivuli kisiangukie sindano. Usiku ukishona kwa cherehani weka taulo lililokunjwa chini yake, mtetemo unapungua na waliolala hawaamki. Sindano ya cherehani badilisha kila baada ya saa kama 8 za kushona, ikichoka inaruka mishono na utadhani tatizo ni wewe.

Kuhusu faraja nitasema kidogo zaidi maana ndo iliyonibakiza. Mtoto wangu wa mwisho alilazwa siku 9 akiwa na miezi saba, na mi nilikuwa na kikopo kidogo, ndani sindano, uzi, subana na viraka vya pembe sita, vile unavyokunjia kitambaa juu ya karatasi ya umbo hilo, unapiga bandi, halafu unaunganisha kingo kwa mkono taratibu. Usiku wodi imenyamaza, mashine zinalia, huwezi kulala na huwezi kufanya lolote, nikawa nashona kingo moja, naangalia kifua chake kinapanda na kushuka, nashona nyingine. Sisemi ilinitoa hofu. Ilinipa mahali pa kuweka mikono. Kila mtu anayeanza namshauri awe na kazi moja ya mkono ya kubeba, hata kama ana cherehani nzuri kiasi gani, maana maisha yana kusubiri kwingi.

Na usidharau nguo zilizochakaa ukidhani kwilti ni vitambaa vipya tu. Wanawake weusi wa kijiji cha Gee's Bend, Alabama huko Marekani, walishona kwa nguo za kazi zilizoisha ili familia zao zisilale na baridi, na mwaka 2002 kwilti hizo zikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa Houston. Kabla yao kulikuwa na Harriet Powers, alizaliwa mtumwa jimbo la Georgia hukohuko Marekani mwaka 1837, mama wa watoto wengi, akashona kwilti ya hadithi za Biblia. Mwanzoni alikataa kuiuza, hali ilipombana akaiuza dola 5, na baadaye akawa anaenda kuitembelea kwa aliyeinunua. Leo ipo Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. Huwa namfikiria akisimama mbele ya kazi yake mwenyewe akiiangalia, nikiwa nashona usiku peke yangu.

Tabaka zikishakutana zishike kwa bandi au sefti pini kila baada ya upana wa kiganja, usiwe mbahili hapa, kitambaa cha chini kikijikunja utakuja kufumua saa nzima. Anza kushona katikati ukielekea nje. Ukanda wa pembeni mi nakata upana wa inchi 2 na nusu, unaukunja katikati kwa urefu wake, kwa kwilti hii mzunguko ni inchi 144, ongeza kama 10 za kona na maungio. Upande wa mbele nashona kwa cherehani, wa nyuma kwa mkono, jioni kwilti ikiwa imetufunika magoti mimi na watoto, hiyo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nyuma kwenye kona andika jina lako na mwaka kwa uzi.

Zile bluu 12 za mama sikuzitupa. Baada ya ile miezi minne nilikata vikanda vyeupe vya upana wa inchi 1, nikaunga kimoja kwenye kila kiraka, inchi 4 na nusu na 1, toa nusu inayoliwa na mshono, inarudi 5 kamili. Kwa hiyo kwenye kila bluu kuna mstari mwembamba mweupe, nusu inchi. Binti yangu akilala chini ya ile kwilti anaupitisha kidole kutoka kiraka hadi kiraka mpaka usingizi unamchukua, na juzi ameniuliza, "Mama, bibi ndo aliziweka hizi barabara?"