Kabla Hujaikata Ile Plagi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi gari la marehemu baba, Toyota Corolla ya mwaka 1994, bado linatembea vizuri. Redio yake ni ile ile ya kaseti iliyokuja na gari, na spika za milango ya mbele zinakwaruza. Ninataka redio ya skrini yenye Bluetooth, spika nne mpya, amplifaya ya wati 400 na sabufa moja kwenye buti. Fundi niliyempelekea aliitazama akasema kazi ni ndogo: anakata plagi ya zamani, anaunga nyaya rangi kwa rangi, jioni naondoka na muziki. Moyo ukasita. Nimwachie? Na kwa kuwa fedha haitoshi kununua vyote kwa mpigo, nianze na kipi?
– Mrithi wa Corolla

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Moyo wako ulisita mahali penyewe. Usimwachie akate.

Redio mpya zinazouzwa madukani karibu zote zinafuata rangi zilezile. Waya wa njano ni umeme wa kudumu, ndio unaoitunzia redio kumbukumbu ya stesheni na saa. Mwekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, na mweusi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Spika zina nyaya nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila mmoja na mwenzake wenye mstari mweusi upande wa hasi. Hadi hapo hakuna shida. Shida ni kwamba Toyota ya zama za gari la mzee wako ina lugha yake. Humo umeme wa kudumu unapita kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, umeme wa ufunguo kwenye waya wa kijivu, na athi ni kahawia. Nyeusi, njano na nyekundu zimo pia, lakini zinakwenda kwenye spika za nyuma!

Sasa unga rangi kwa rangi uone. Redio itatafuta umeme kwenye nyaya za spika na haitaupata. Halafu waya wake wa kijivu, ambao ni njia ya kutolea sauti ya spika ya mbele kulia, utakutana na kijivu cha gari chenye volti 12. Ukizungusha ufunguo tu, redio uliyoihangaikia inaweza kuungua kabla haijaimba.

Kuna adapta ya kukuokoa. Upande mmoja inaingia kwenye plagi ya Toyota kama ilivyo, upande wa pili ina nyaya zenye rangi za redio mpya. Maungio yote yanafanyika mezani, kwa lehemu na mpira wa kujibana kwa joto, au kwa viunganishi vya kubana na koleo lake. Kusokota waya na kuzungushia tepu mimi sikubali hata kidogo. Dashibodi inapata joto, gundi inayeyuka, tepu inafunguka, na waya mtupu unabaki ukingoja kugusa chuma. Na hata ukiwa na adapta, pima kila waya kwa mita ya umeme kabla ya kuunga, maana gari la miaka mingi huenda lilishapita mikononi mwa mtu mwingine. Ukimaliza kupima, fungua hasi ya betri kabla hujaunga chochote, na kama gari lina mifuko ya hewa, plagi za njano chini ya usukani usiziguse.

Nina sababu nyingine ya kuipenda plagi hiyo iwe nzima. Umesema gari ni la mzee. Redio yake ya kaseti ukiitoa, ifunge kwenye kitambaa, iweke kwenye boksi pakavu. Siku ukitaka kuirudisha, utaichomeka tu. Na kama aliacha kanda kwenye droo ya dashibodi, usizitupe. Kabla hujaing'oa redio, kaa garini jioni moja uzisikilize zilivyozoea kusikika humo.

Nafasi yenyewe ipime. Redio za kawaida zina upana wa milimita 180, na urefu wa kwenda juu 50 kwa ndogo au 100 kwa kubwa, ile wanayoiita DIN mbili. Toyota nyingi zimeacha upana wa milimita 200. Kwa hiyo redio itaingia lakini itabaki na mwanya pembeni. Nunua vipande vya kuziba, usikubali iwekwe na kadibodi.

Kuhusu fedha, anza na spika mbili za mbele. Najua skrini ndiyo inayokuita, lakini spika za miaka ile ni za karatasi, na karatasi hiyo ikikauka na ukingo wake ukichanika, hata redio ya bei gani itakwaruza vilevile. Pima tundu la mlango na kina chake huku kioo kikiwa kimeshushwa hadi chini. Nimeona spika nzuri ikitolewa siku hiyohiyo kwa sababu sumaku yake ilizuia kioo. Ukifungua mlango, bandika ndani ya bati shuka za kuzuia mtetemo. Mlango wa gari la zamani ni bati jembamba, na besi nyingi unayodhani haipo inapotelea kwenye bati hilo. Kisha hakikisha chanya na hasi havijabadilishana kati ya kushoto na kulia. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika kwa nukta moja: koni ikitoka nje, waya ulioshika chanya ya betri ndio chanya. Spika mbili zikipigana, moja inatoka na nyingine inaingia, na besi inakufa katikati.

Halafu redio. Kwenye boksi utaona wati 50 mara nne. Hicho ni kilele cha nukta chache. Nguvu halisi ya mfululizo, ile inayoandikwa RMS, mara nyingi ni kama wati 20 kwa kila spika. Kwa Corolla hizo zinatosha kukufurahisha.

Amplifaya na sabufa nakuomba viwe vya mwisho, na hapa ndipo ninapopaogopa zaidi. Wati 400 halisi zikipigwa kwa nguvu zote zitanyonya ampia 35 hadi 40. Alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, ya gari dogo la mwaka 1994 ilipangiwa taa, feni, wipa na redio ya kaseti. Ukiwasha vyote usiku huku sabufa inapiga, taa zitaanza kufifia kwa kila mdundo. Chukua waya mnene wa shaba tupu, si ule wa alumini uliopakwa shaba, na uwe wa milimita za mraba 16 au zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo yake. Watu huiweka nyuma, jirani na amplifaya. Waya ukichubuka njiani unapopita kwenye bati, fyuzi ya nyuma haitajua lolote, na waya wote kuanzia betri utawaka chini ya zulia. Gari la mzee wako lisiishie hivyo.

Jambo moja nililijifunza kwa kuharibu. Nikiwa kijana niliunga redio mpya kwenye gari ambalo hasi za spika zake zote zilikuwa zimefungwa kwenye bodi ya gari. Redio za zamani nyingi ziliruhusu hivyo. Za sasa haziruhusu: kila spika inataka nyaya zake mbili hadi kwenye redio. Niliiunguza redio ya mteja nikailipa, na tangu hapo hasi ya spika naipima na bodi kwanza. Mita ikionyesha zimegusana, navuta nyaya mpya.

SWALI: Fundi, tangu niweke redio mpya, stesheni zilizokuwa zinashika vizuri sasa zinakwaruza. Aliyeifunga anasema redio ni mbovu.
– Mpenda habari

JIBU: Usiirudishe bado. Kama antena yako imo kwenye kioo au ni ile fupi ya juu ya paa, kuna uwezekano mkubwa ina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Redio mpya hutoa umeme huo kwa waya wa buluu mtupu. Wengi huuacha ukining'inia, au huutumia ule wa buluu na mweupe ambao kazi yake ni kuamsha amplifaya. Uunge mahali pake usikilize tena.

SWALI: Shikamoo. Nikikanyaga mafuta, spika zinapiga mluzi unaopanda na injini. Nina amplifaya chini ya kiti.
– Msomaji, dereva wa kila siku

JIBU: Marahaba binti yangu. Mluzi huo ni alteneta, inaingia kwenye njia ya sauti. Zima redio, chomoa nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye amplifaya, kisha washa tena. Mluzi ukibaki, tatizo liko kwenye umeme au athi ya amplifaya yenyewe. Ukitoweka, unatoka mbele, kwenye redio au njiani.

Mara nyingi nakuta waya wa umeme na nyaya za RCA zimelazwa pamoja upande mmoja wa gari. Zitenganishe: umeme upite upande wa betri, RCA upande wa pili. Halafu kagua athi. Waya wake uwe mfupi, chini ya nusu mita, na unene uleule wa waya wa umeme. Mahali unapofungwa rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, boliti ikazwe, kisha ipakwe grisi kidogo juu yake kutu isiingie. Boliti ya kiti usiitumie, hata ikiwa karibu kiasi gani.