Maswali yenu: magadi na mlima wa moto

Mama mkwe anasema magadi huchotwa ziwani. Mwanangu kasoma kwamba hutoka volkano. Nani yuko sahihi? (Dada, Moshi)

Wote wawili, dada yangu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi. Mvua na chemchemi za moto huiyeyusha na kuiteremsha hadi maziwa kama Natron na Magadi, ambayo hayana mto wa kuyatoa maji. Jua hukausha maji, na kinachobaki ni tabaka gumu, jeupe, pengine lenye wekundu wa vijidudu wanaopenda chumvi. Wanajiolojia huliita trona.

Ni kweli Oldoinyo Lengai hutapika magadi? (Kaka, Arusha)

Karibu sana na kweli. Ndio volkano hai pekee inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu, kemikali kuu iliyomo katika magadi. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600, nusu tu ya lava ya kawaida, na hutiririka kwa wepesi wa maji. Mchana utadhani ni tope jeusi. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe kwa saa au siku chache, ndiyo maana kilele huonekana kama kina theluji. Moja ya madini yake makuu ni nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Haina kazi kiwandani, maana unyevu wa hewa tu huiharibu, lakini mimi najivunia kila ninapolitaja jina hilo.

Kwa nini magadi hulainisha maharage? Yana madhara? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Magadi ni alkali. Huvunja pektini, ile gundi inayoshikilia ganda la harage, ndipo yakaiva upesi. Alkali hiyohiyo huharibu vitamini B1.

Kinachonihangaisha zaidi ni floraidi. Magadi ya mawe ya kwetu kaskazini huwa nayo, na maji ya chemchemi nyingi za Meru na Kilimanjaro vilevile. Mtoto anayeipata kwa wingi wakati meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi huyaota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kuchemsha hakuiondoi. Nakusihi, mama: loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, upike bila magadi. Kuni zitaongezeka kidogo, lakini meno yatasalimika.

Yana kazi gani nyingine? (Msomaji, Kajiado)

Yakichomwa hutoa unyevu na gesi, yanabaki magadi makavu ya kutengenezea kioo na sabuni. Kwenye kioo hushusha joto linalohitajika kuyeyusha mchanga. Hapo kwenu kampuni ya kuyachimba iliundwa 1911. Wazee nao huyachanganya kwenye ugoro.

Nitayatofautishaje na chumvi ya mawe? (Msomaji, Tanga)

Kamulia limau. Magadi yatachemka povu papo hapo, chumvi itakaa kimya. Magadi soda ya dukani nayo hutoa povu, ila hayo ni unga laini, si mawe.