Jivu gani linaua povu?

SWALI: Nafyatua matofali ya zege la povu huku Mbarali. Ili kupunguza gharama nimetoa thuluthi ya saruji na kuweka jivu la pumba za mpunga. Sasa uji unashuka ndani ya kalibu kabla haujaganda, na tofali la siku 7 linamegeka kwa kucha. Nihamie majivu ya volkano?

JIBU: Kwanza tazama rangi ya jivu lako. Likiwa jeusi lina kaboni isiyoungua, na kaboni hunyonya dawa ya povu, hivyo viputo hupasuka na uji hushuka. Isitoshe, punje za jivu la pumba zina vitundu vingi mno, zinakunywa maji ya mchanganyiko. Povu likikorogwa kwenye uji mkavu linavunjika lenyewe. Wengi hapo huongeza povu, kumbe kilichopungua ni maji.

Kipimo chake ni rahisi. Tia kwenye chupa gramu 20 za saruji tupu na mililita 50 za maji, dondoshea dawa ya povu iliyozimuliwa, tikisa kila mara kwa sekunde 15, uhesabu matone hadi povu lidumu juu sekunde 45. Rudia kwa gramu 16 za saruji na 4 za jivu. Matone yakiongezeka maradufu, jivu hilo liache.

Kumegeka ni jambo jingine. Pozolana, yaani unga kama jivu lako au majivu ya volkano, haigandi yenyewe, inasubiri chokaa inayotolewa na saruji, kwa hiyo siku 7 ni mapema kuihukumu; pima siku ya 28, na ya 56 ukiweza. Ila soma mfuko wako wa saruji! Saruji iliyoandikwa CEM II/B-P tayari imechanganywa na pozolana asilia asilimia 21 hadi 35. Ukitoa thuluthi nyingine, klinka, yaani kiini cha saruji chenyewe kinachoganda, inabaki kama nusu tu ya unga wote, na hapo hata subira haikusaidii sana.

Majivu ya volkano ya Songwe yanafaa, kwa kuwa hayana kaboni isiyoungua, mradi yawe makavu na yamesagwa laini kama saruji. Kwa mita moja ya ujazo, anza na CEM I (saruji isiyochanganywa pozolana) kilo 280, majivu kilo 70, mchanga uliopita chekeche la milimita 2 kilo 420, maji lita 190 na povu lita 530. Lita moja ya povu iwe na gramu 50 hivi. Koroga uji hadi ulainike, ndipo utie povu, na uache kukoroga mara tu michirizi myeupe inapopotea. Lita 10 za uji uliokamilika ziwe na kilo 10 hivi. Uzito ukizidi kilo 10.5, povu limekufa njiani.

SWALI: Je, moshi wa silika utaondoa nyufa za nywele kwenye matofali yangu?

JIBU: Hapana. Unga huo, masalia ya viwanda vya silikoni, unaongeza nguvu, lakini ni laini mno: unadai maji zaidi au dawa ya kulainisha uji, na tofali lisipofunikwa nyufa huzidi saa za mwanzo. Zege hili halina kokoto za kuzuia msinyao. Funika kwa nailoni siku 7, na usijengee kabla ya siku 28.