Jibu: Nitampataje daktari atakayeniacha nijaribu kuzaa kawaida baada ya upasuaji?

Habari mama kijacho, hongera kwa kufika wiki ya 28. Nimekuelewa: mtoto wa kwanza ulimpata kwa upasuaji, na sasa daktari anakupangia tarehe ya kisu tena bila hata kufungua faili.

Anza na hilo faili. Kaombe ripoti ya upasuaji ule, uone kizazi kilikatwaje. Kovu la nje halisemi kitu. Langu la ndani lilikuwa la mlalo chini ya kizazi, ndiyo maana nikaruhusiwa. La kwako likiwa la wima, usibishane nao.

Mimi si daktari, ila hapa Dar nilizunguka kwa watatu. Swali lililowachuja: "Waliokuja kwako na kovu mwaka huu, wangapi walijifungua kawaida?" Wawili walicheka. Wa tatu alitaja idadi, kisha masharti: uchungu uanze wenyewe, mapigo ya mtoto yafuatiliwe muda wote, chumba cha upasuaji na damu viwe tayari hata usiku. Huyo mwenye masharti nilimwamini kuliko yule wa "usijali mama".

Uliza pia, asipokuwepo nani anakupokea. Mimi alinizalisha mkunga wa zamu. Daktari alifika mtoto ameshalia.