Mama kaanguka bafuni, analia goti lakini picha inasema goti zima

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 73, juzi kateleza bafuni akaangukia ubavu wa kulia, tangu hapo hawezi kusimama, analia goti tu. Hospitali wakampiga eksirei ya goti wakasema goti zima, wakatupa dawa za maumivu tukarudi. Sasa shangazi kaleta bibi anayechua kwa mafuta ya nyonyo, anasema ni mshipa umeshtuka. Tuendelee? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mwambieni huyo bibi kwa heshima zote asiuguse tena huo mguu, na leo hii hii mama arudi hospitali apigwe picha ya nyonga.

Najua utaniuliza mbona analia goti. Iko hivi, kuna mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga na goti kwa pamoja, kwa hiyo nyonga ikiumia mtu anaweza kusikia maumivu gotini kabisa, na wazee wanakandwa goti wiki nzima kumbe kilichovunjika kiko juu.

Mlaze chali, funua miguu yote miwili, simama upande wa nyayo utazame. Kama kisigino cha kulia kimepanda kuliko cha kushoto, vidole vimelala kuangalia nje, na ukimwambia ainue kisigino kwenye godoro hawezi, hapo shuku sana kwamba imevunjika shingo ya fupaja, yaani mfupa wa paja. Miguu ikiwa sawa bado picha ipigwe, maana kuna wakati mfupa unavunjika vipande vinashikana na mguu haufupiki.

Fupaja ndo mfupa mrefu kuliko yote mwilini, kule juu una kichwa cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, na chini ya kichwa kuna shingo nyembamba. Damu ya kulisha kichwa sehemu kubwa inapandia hapo shingoni, sasa pakivunjika mishipa inachanika, ukichua unazidi kusogeza vipande na kichwa kinaweza kufa kwa kukosa damu. Ndo maana kwa mzee mara nyingi ni operesheni, ama wanafunga skrubu ama wanaweka nyonga bandia, hata Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wanafanya, ila nyie anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa.

Na msikawie jamani. Mzee akilala siku nyingi anapata vidonda vya mgongo, damu inaganda kwenye mishipa ya mguu, anapata nimonia, na haya ndo yanayotuondolea wazee wetu, naumia kila nikiyaona.

Bajaji hapana. Abebwe amelala, mto katikati ya mapaja, mguu msiuvute kuunyoosha. Akishafanyiwa operesheni ukamkuta kesho yake manesi wanamsimamisha na kigari cha kutembelea usiwagombeze, ndo inavyotakiwa. Picha ikitoka niandikie.