Jibu: Corolla inamisi mlimani, ninunue sensa ya oksijeni?

Mkuu, umesema Corolla yako ya 2001 inamisi (injini inakosa moto na kukatakata) ukipanda Bugando, taa ya injini inawaka, na fundi anataka ununue sensa ya oksijeni. Usitoe hela kwanza. Silinda isipochoma mafuta, oksijeni yake inatoka hivyo hivyo mpaka kwenye ekzosi. Sensa iliyopo hapo inaiona oksijeni hiyo, inadhani mafuta ni machache, halafu inalaumiwa bure. Mimi niliinunua, gari ikaendelea kutikisika kama mtumbwi wenye abiria wengi.

Pimisha kwa mashine. Itakupa kodi, yaani namba ya kosa: P0302 ni silinda ya pili inamisi. Kama kila plagi ina koili yake (inayoipa umeme wa kuwashia), badilishana koili ya pili na ya tatu, futa kodi, panda mlima tena. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, fanya hivyo kwa plagi. Yangu moja ilikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kwenye kauri. Umeme ulikuwa unavujia hapo!

Misi ikiisha ndipo uipime sensa, injini ikiwa ya moto. Ile ya kawaida iliyo karibu na injini, ikiwa nzima, huchezacheza kati ya volti 0.1 na 0.9. Ikiganda, na ekzosi haivuji, hapo sasa nunua.